Bao la Jirani Hutangulia: Jinsi Picha ya Mpira Inavyofika Kwale

Siku ya mechi kubwa, ukipita Ukunda usiku utakutana na jambo la kushangaza. Ukumbi mmoja wa video unalipuka kwa shangwe za bao, na hatua chache mbele watu wangali wametulia, mpira kwao ukiwa bado katikati ya uwanja. Mechi ni ile ile. Kilichotofautiana ni njia ambayo picha imepitia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mwenye kuijua njia hiyo hatapoteza pesa zake ovyo msimu wa mashindano.

Tulikotoka

Zamani picha ilikuja kwa mawimbi ya analojia. Ishara ikiwa dhaifu ulipata chenga, lakini mchezo uliendelea kuonekana. Mwaka 2006, mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) mjini Geneva ulipanga 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda masafa ya analojia katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Mvutano kati ya serikali na vyombo vya habari ulifika Mahakama ya Juu, na Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Tangu hapo, asiye na king'amuzi au runinga iliyoundwa kupokea dijitali hana lake.

Njia tatu

Ya kwanza ni antena ya kawaida, inayoleta stesheni za bure kama KBC. Mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, na kilima huyazuia. Ndiyo maana nyumba iliyo bondeni, nyuma ya vilima vya Shimba, inaweza kukosa stesheni ambazo kwingine zaonekana safi. Dijitali haina chenga: ishara ikipungua kupita kiasi, picha huganda au hutoweka kabisa. Kuinua antena juu ya paa na kuielekeza kwenye mtambo mara nyingi husaidia kuliko kununua runinga nyingine.

Ya pili ni dishi. Setilaiti hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na hivyo yaweza kumfikia mtu wa Vanga sawa na wa Kinango. Tatizo letu ni mawili. Mvua kubwa ya masika hudhoofisha ishara, nayo chumvi ya bahari hula chuma. Aliye Diani, Gazi au Msambweni akague mara kwa mara skrubu na kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi.

Ya tatu ni intaneti. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla yake Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa. Leo mechi hutazamwa kwenye simu, lakini ina gharama yake: picha ya HD inayokwenda kwa megabiti 5 kila sekunde hula zaidi ya GB 2 kwa saa. Mechi nzima pamoja na mapumziko ni zaidi ya GB 4.

Kwa nini bao huchelewa

Kupanda na kushuka kwa ishara ya setilaiti huchukua kama robo sekunde tu. Sekunde zaidi hupotea mitambo inapoibana picha na kuifungua. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande vidogo, na simu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha. Hapo bao laweza kuchelewa sekunde 20 hadi 40, au zaidi.

Kwa mtazamaji hilo ni kero ndogo. Kwa kijana anayecheza kamari mechi ikiendelea, ni hasara iliyo wazi. Kampuni za kamari hupata taarifa kutoka uwanjani kwa haraka, ilhali yeye anakisia jambo ambalo limeshatokea. Dini yetu imeharamisha kamari. Na hata asiyejali haramu, hesabu yenyewe inamkataa.

Runinga kubwa, picha ile ile

Teknolojia ya uwanjani imekwenda mbali. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilitumia kamera 12 chini ya paa kufuatilia wachezaji, na kifaa ndani ya mpira kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde kusaidia kuamua kuotea. Picha ya 4K nayo ina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya HD kamili. Lakini runinga ya 4K haiwezi kuongeza kisicholetwa. King'amuzi kikileta picha ya kawaida, kioo kikubwa kitaikuza pamoja na ukungu wake.

Kabla ya kutoa pesa

Jambo la kwanza ni haki za matangazo, kwani kila shindano huuzwa peke yake. KBC ilionyesha baadhi ya mechi za Kombe la Dunia 2022. Kuwa na king'amuzi cha kulipia si hakikisho la kila mchezo. Uliza ni stesheni gani inayo mashindano, iko kwenye kifurushi gani, kisha ndipo ulipe.

Jambo la pili ni saa. Kombe la Dunia la 2026 limepangiwa Marekani, Kanada na Meksiko. Mchezo unaoanza saa tatu usiku New York, kwetu ni saa kumi alfajiri, na adhana ya Alfajiri itaingia ukiwa katikati. Kombe la Mataifa ya Afrika 2027 limepewa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hivyo saa zitakuwa zetu.

Kwa mwenye pesa kidogo, mpangilio mzuri ni huu: antena nzuri kwanza, kisha ajue haki za matangazo ziko wapi, na kioo kikubwa kije mwisho.