Chemirocha: Jina Geni katika Muziki wa Wakipsigis

Uhusiano wa muziki na tiba ni wa tangu kale. Hata hivyo, mara nyingi hudhaniwa kwamba wimbo humliwaza msikilizaji kwa kuwa anayafahamu maneno yake na kuyalinganisha na yale yaliyompata. Wimbo wa Chemirocha, uliorekodiwa Kapkatet, Kericho, mwaka 1950, unalazimu dhana hiyo ichunguzwe upya.

Chanzo cha jina hilo ki mbali. Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa mfanyakazi wa reli huko Mississippi, Marekani. Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa. Alianza kurekodi nyimbo mwaka 1927, na mwaka 1931 akaimba "T.B. Blues", ambamo maradhi yake yenyewe ndiyo mada. Aliendelea kuimba mpaka siku zake za mwisho, akipumzika kitandani baina ya wimbo na wimbo, akafariki New York tarehe 26 Mei 1933. Muziki haukumponya mapafu. Ulimwezesha kuyataja waziwazi yaliyokuwa yakimuua.

Santuri zake zilifika Kericho katika nchi iliyokuwa na majonzi yake yenyewe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa na kugawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Kilimo chao cha kitani kilipoanguka, makampuni ya chai yalishika nafasi katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Kwanza lugha yenyewe ilimpokea mgeni. Kikipsigis hakipambanui sauti j na ch. Kwa hiyo Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Aidha, Che- ndiyo silabi ya mwanzo ya majina mengi ya wanawake, kama Cherono. Jina la mwanamume wa Marekani likavaa vazi la kienyeji.

Hugh Tracey alipofika Kapkatet alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Inayojulikana zaidi iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis, ikiandamana na kinubi kiitwacho chepkong. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha aliwaziwa kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na wasichana wanamwalika acheze kwa nguvu mpaka nguo zimwanguke.

Hapo hapana reli wala kifua kikuu. Uchungu wa Rodgers haukuvuka bahari kwa maneno; kilichovuka ni sauti na gita, na wasikilizaji wakavijaza mambo yao. Si lazima kudai kwamba wasichana hao walikusudia siasa. Lakini katika nchi ambamo mgeni ndiye aliyeamua nani ahame na nani abaki, kumleta mgeni uwanjani, kumchezesha kwa mapigo ya chepkong na kumcheka, ni kuirudisha mizani japo kwa muda wa wimbo mmoja. Nafuu ya namna hiyo haifuti msiba. Humrudishia aliyefikwa uwezo wa kuutawala kwa sauti yake.

Ndiyo maana umiliki wa wimbo si jambo dogo. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Zilisikilizwa ng'ambo kabla ya kurudishwa Kapkatet, zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa. Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waimbaji wa mwaka 1950, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, aliisikia sauti ya ujana wake. Wengi wa wenzake walikuwa wamekwisha kufa. Ikiwa wimbo ni tiba, basi kuuhifadhi mbali na wenyewe ni kuifungia dawa kabatini, na kuurudisha ni sehemu ya uganga.