Kriketi Fupi na Ufufuo wa Mchezo: Karibi na Afrika Mashariki

Mtu akisema "mpira" katika mji wa Singida, haulizwi ni mpira gani. Ni mpira wa miguu, basi. Mwezi wa Septemba 2025 timu ya Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame mjini Dar es Salaam kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan, nayo ni timu ambayo mpaka mwaka 2024 ilikuwa ikiitwa Ihefu na makao yake yalikuwa Mbeya. Kabla yake mji ulikuwa na Singida United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, na mwaka 2020 ikashuka daraja. Mwenye kuyatazama mambo haya mawili pamoja hana budi kujiuliza: mashindano ya siku chache, yenye kombe na shangwe, yaweza kuujenga mchezo mahali, au huuvika nguo ya sikukuu tu?

Swali hili wenzetu wa visiwa vya Karibi wamekuwa wakijiuliza kwa muda wa miaka ishirini sasa, si juu ya mpira wa miguu bali juu ya kriketi. Nami naona lafaa kuulizwa hapa kwetu, maana historia ya kriketi ya Karibi na ya Afrika Mashariki zimekutana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza tueleze maneno. Kriketi ya asili, yaani ile ya mataifa makubwa, huchezwa siku tano, na huenda ikaisha bila mshindi. Kriketi fupi hupimwa kwa ova, na kila ova ni mipira sita. Mwaka 1975 Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, kila upande ulipewa ova 60. Baadaye zikawa 50. Mwaka 2003 Waingereza wakaanzisha mchezo wa ova 20, yaani mipira 120 tu kwa kila upande, nao huisha kwa muda wa saa tatu hivi. Kwa hiyo neno "fupi" limebadilika maana katika maisha ya mtu mmoja: kilichokuwa kifupi mwaka 1975 leo chaitwa kirefu.

Katika Kombe hilo la 1975 ilikuwako timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na nahodha wao alikuwa Harilal Shah. Walishindwa michezo yote mitatu. New Zealand walipata mbio 309, Glenn Turner peke yake akipata 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki wakamaliza ova zao 60 wakiwa na 128. India waliwashinda bila kupoteza hata wiketi moja, na Uingereza wakawatoa wote kwa 94. Wiki hizo hizo, katika nchi ile ile, West Indies walikuwa wakielekea kulitwaa kombe, nao walilitwaa tarehe 21 Juni kwa kuishinda Australia kwa mbio 17. Yafaa kukumbuka jambo hili, kwa kuwa wapo wasemao kwamba kriketi fupi iliiua kriketi ya Karibi. Taji lao la kwanza la dunia walilipata kwa kriketi fupi, na la pili pia, mwaka 1979.

Tofauti haikuwa katika urefu wa mchezo. Ilikuwa katika mzizi. Kule Karibi mchezo uliletwa na mabwana wa mashamba ya miwa, lakini watoto wa watumwa waliuchukua wakaufanya wao. C.L.R. James wa Trinidad, katika kitabu chake *Beyond a Boundary* kilichotoka mwaka 1963, alionyesha jinsi uwanja wa kriketi ulivyokuwa mahali pa kudai utu. Naye mwenyewe alipigania kwa kalamu yake Frank Worrell apewe unahodha, jambo lililotimia mwaka 1960. Hapa kwetu mchezo ulibaki ndani ya ua. Walikuwako Wazungu na vilabu vyao, Wahindi na vilabu vyao, na Mwafrika aghalabu alikuwa mtazamaji. Katika timu ile ya 1975 Waafrika weusi walikuwa wawili, Sam Walusimbi na John Nagenda, wote wa Uganda. Nagenda ndiye yule mwandishi wa riwaya, aliyefariki mwaka 2023; sijui taifa lingine lililompeleka mwandishi wa riwaya kutupa mpira katika Kombe la Dunia.

James alikuwa na hamu kubwa na nchi yetu, na Walter Rodney wa Guyana alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka mwaka 1974. Wanakaribi walituletea fikra za ukombozi kwa wingi. Kriketi yao haikufuata, maana hapakuwa na udongo wa kuipokea.

Mkutano wa pili wa historia hizi ulikuwa Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia la ova 50. Kenya walitolewa kwa mbio 166, na watazamaji wakadhani mchezo umekwisha. Rajab Ali akamtoa Brian Lara kwa mbio 8, nahodha Maurice Odumbe akatwaa wiketi tatu, na West Indies wote wakatoka kwa 93. Miaka saba baadaye Kenya wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003. Ilionekana kana kwamba kriketi fupi imewavusha mto kwa hatua moja. Lakini nyumbani hapakuwa na ligi imara ya kuzaa wachezaji wengine, wala Kenya hawakupewa michezo ya siku tano. Mwaka 2011 walishindwa michezo yao yote ya Kombe la Dunia, na mwaka 2014 wakapoteza hadhi ya kucheza michezo rasmi ya siku moja.

Wakati huo Karibi nako jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Mwenye fedha mmoja, Allen Stanford, alianzisha mashindano ya ova 20 kisiwani Antigua mwaka 2006, na tarehe 1 Novemba 2008 akaweka dola milioni 20 kwa mchezo mmoja, ambao timu yake ya Wanakaribi iliishinda Uingereza kwa wiketi kumi. Miezi michache baadaye alishtakiwa kwa ulaghai, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo cha miaka 110. Fedha zilikuwa za watu. Hata hivyo kiu aliyoiamsha ilibaki: West Indies wakawa mabingwa wa dunia wa ova 20 mwaka 2012 na tena 2016, siku ile Carlos Brathwaite alipompiga Ben Stokes sita nne mfululizo mjini Kolkata. Tangu 2013 visiwa vina ligi yao ya ova 20.

Je, huo ni ufufuo? Hapa Kiswahili chatusaidia, maana hutofautisha kufufua na kuamsha. Hufufuliwa kilichokufa, huamshwa kilicholala. Kriketi ya Karibi haikufa. Januari 2024 kijana Shamar Joseph wa Guyana, aliyekuwa mlinzi muda mfupi kabla, alitwaa wiketi saba mjini Brisbane na Australia ikashindwa kwa mbio nane katika mchezo wa siku tano. Julai 2025 timu hiyo hiyo ikatolewa kwa mbio 27 mjini Kingston. Na mwezi mmoja kabla ya hapo Nicholas Pooran, mwenye umri wa miaka 29, alikuwa ameacha kuichezea timu ya visiwa. Naona kriketi fupi iliwaamsha watazamaji wa Karibi na kuwatajirisha wachezaji, lakini iliwapa pia mlango wa kutokea, na mwenye kutoka halazimiki kurudi.

Kwetu mlango huo huo ni wa kuingilia. Mkulima wa alizeti wa Singida hana siku tano za kutazama mchezo, wala mwanafunzi hana. Saa tatu huzipata. Tangu tarehe 1 Januari 2019 michezo ya ova 20 ya wanaume baina ya nchi zote wanachama imehesabiwa kuwa rasmi, baada ya ile ya wanawake kutangulia mwaka 2018. Matokeo yalionekana upesi. Wanawake wa Tanzania walishinda mashindano ya Kwibuka mjini Kigali mwaka 2022. Januari 2023 wasichana wa Rwanda walio chini ya miaka 19 waliishinda West Indies huko Afrika Kusini. Uganda waliifunga Zimbabwe mwaka 2023 wakapata nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, na huko Guyana wakaishinda Papua New Guinea, mzee wao Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akitoa mbio nne tu katika ova zake nne. Siku tatu baadaye, katika uwanja ule ule, West Indies waliwatoa Uganda wote kwa mbio 39. Mlango ulikuwa wazi, lakini nyumba ilikuwa bado ya wenyewe.

Kwa hiyo nalitilia uzito zaidi tukio lililotajwa kidogo sana magazetini. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya miaka 19 walishinda mashindano ya mchujo ya Afrika yaliyochezwa Nigeria, na kwa mara ya kwanza wakapata nafasi ya Kombe la Dunia la rika lao, lililopangwa Zimbabwe na Namibia mwanzoni mwa 2026. Mashindano hayo si ya ova 20. Ni ya ova 50, na katika kundi lao waliwekwa pamoja na West Indies.