Bondia wa ridhaa: umri wa kuanza na umri wa kuacha

Vijijini ngumi mara nyingi huanza bila cheti wala mzani. Kuna uwanja wa shule, jozi mbili za glovu zinazopokezanwa, na mtu mzima mmoja anayepanga vijana kwa macho: wewe na wewe, mnalingana kimo. Shida hujitokeza siku kijana anapotakiwa kwenda kwenye mashindano rasmi. Pale mezani anaulizwa kwanza mwaka aliozaliwa, kabla hata ya kupimwa uzito.

Ngumi za ridhaa, yaani zile zinazochezwa Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola, zina makundi manne ya umri kimataifa. Wenye miaka 13 na 14 wako kundi la kwanza. Wenye 15 na 16 kundi la pili, wenye 17 na 18 kundi la tatu. Kuanzia miaka 19 hadi 40 bondia anahesabiwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 10 au 11 hana nafasi katika ubingwa wowote wa dunia, hata kama kijijini anawashinda wote.

Hesabu yenyewe huwachanganya wazazi wengi, kwa sababu kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa, si siku ya kuzaliwa. Chukua mfano wa mashindano ya mwaka 2026. Kijana aliyezaliwa Desemba 2009 anahesabiwa ana miaka 17 tangu Januari 2026, ingawa mama yake anajua bado hajaitimiza. Jirani yake aliyezaliwa Januari 2010, wiki chache tu baadaye, anahesabiwa ana 16. Wamekua pamoja na wanafanya mazoezi pamoja, lakini kwenye ubingwa wako makundi mawili tofauti. Ukitaka kujua kundi la mwanao, toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa mashindano. Basi.

Kila kundi lina masharti yake ulingoni. Watu wazima hupigana raundi tatu za dakika tatu. Wenye miaka 15 na 16 hupigana raundi tatu za dakika mbili, na wadogo zaidi dakika moja na nusu kila raundi. Kofia ya kujikinga kichwa ilivuliwa kwa wanaume watu wazima mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana vichwa wazi. Vijana hawakuvuliwa. Kwa hiyo ukimwona kocha anampandisha mtoto wa miaka 15 bila kofia eti "siku hizi haivaliwi", mwambie kanuni aliyoisikia si ya mtoto huyo.

Kwa nini uzito pekee hautoshi

Utasikia watu wakisema: kama wote wana kilo 60, tatizo liko wapi? Liko kwenye mifupa, shingo na ubongo. Kijana wa miaka 15 mwenye kilo 60 bado anajengeka. Mwanamume wa miaka 24 mwenye kilo hizohizo amekwisha kukomaa, misuli yake ina nguvu nyingine na huenda ana miaka kumi ya kurusha ngumi. Shingo changa haizuii kichwa kutikisika ngumi inapofika, na ubongo unaotikisika kabla haujapona mtikisiko wa kwanza unaweza kuleta madhara makubwa, hata kifo.

Ndiyo maana bondia aliyeangushwa kwa ngumi za kichwa, mdogo au mkubwa, hupewa mapumziko ya lazima yasiyopungua siku 30, na zaidi ya hapo kama alipoteza fahamu. Mapumziko hayo huandikwa kwenye kitabu chake cha rekodi. Kwenye pambano la sikukuu lisilo na daktari wala kitabu, hakuna anayehesabu siku hizo. Hapo ndipo mzazi anapopaswa kuwa mkali.

Wapo madaktari wasiotaka watoto wapigane kabisa. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga ngumi kwa watoto na vijana, vikashauri wapelekwe michezo mingine. Mashirikisho ya ngumi hayakukubaliana nao. Lakini kuna jambo halina ubishi mkubwa: kuruka kamba, kupiga begi na kujifunza kutembea ulingoni hakuhitaji mtoto apigwe kichwani, na anaweza kujifunza hayo miaka kadhaa kabla ya pambano lake la kwanza.

Mpaka wa chini haukuwa hivi siku zote. Claressa Shields wa Marekani alichukua dhahabu ya Olimpiki London 2012 akiwa na miaka 17. Kwa makundi ya sasa angekuwa bado kundi la vijana.

Mpaka wa juu nao umesogea. Uliwahi kuwa miaka 34, kisha mwaka 2013 ukapandishwa hadi 40. Mkenya Nick Okoth, aliyezaliwa 1983, alipigana Olimpiki ya Beijing 2008 na akarudi ulingoni Tokyo akiwa na miaka 38. Chini ya kanuni ya zamani, Tokyo asingeiona. Lakini Paris 2024 mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa umeshampitisha 40.

Umri wa kughushi

Umri hughushiwa kwa njia mbili. Wapo wanaopunguza miaka ili wawe mabingwa wa vijana, na mtoto halisi wa miaka 16 ndiye anayepokea ngumi za mtu wa 20. Wapo wanaoongeza, ili kijana apate pambano la fedha kabla ya wakati. Ngumi za kulipwa katika nchi nyingi huanzia miaka 18. Mara nyingi mchezo huo huumbuka kwenye pasipoti: tarehe ya shule inasema hivi, kadi ya kliniki inasema vile, na safari inakufa. Anayekamatwa baada ya kushinda hunyang'anywa medali.

Kwa Tanzania, cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA kupitia ofisi za wilaya, na aliyechelewa kusajiliwa utotoni bado anaweza kuombewa. Anza mapema, kwa sababu ushahidi hukusanywa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule. Hakikisha tarehe ni moja kwenye karatasi zote.

Kama mwanao anapenda michezo ya kupambana lakini ngumi zinakutia hofu, judo huruhusu mashindano ya dunia kwa vijana wa 15 hadi 17, na taekwondo ina kundi la miaka 12 hadi 14. Na kwa baba wa miaka 45 anayetamani kurudi ulingoni, kwenye ngumi za ridhaa mlango wa ubingwa umefungwa. Judo ina mashindano ya wakongwe, yanayoanzia miaka 30.