Miwani: kiwanda kilichoacha jina
Msikilizaji mgeni hudhani Miwani ni ya macho. La, ni penye miwa. Hapa, kwenye uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu, ndipo kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilipoanza mwaka 1922, kando ya reli iliyofika ziwani 1901. Makapi ya miwa yalichomwa kuchemsha maji, na mvuke ukaendesha vinu.

Mwaka 2001 kiliwekwa chini ya meneja mrasimu. Tangu hapo mabishano ni ya ardhi na madeni. Sisi tunaulizia pia vinu vyenyewe: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamruhusu waziri kulinda jengo la kihistoria, si chuma kilichokwisha kuuzwa kwa kilo.