Nunda Mizanini: Ulinganifu na Uhalisi wa Zimwi kutoka Ngano za Unguja hadi Mashamba ya Bunda

Utangulizi

Watunzi wa michezo ya uigizaji ya mezani wamegawanyika kwa miongo kadhaa juu ya swali moja: zimwi lipimwe kwa nguvu za wachezaji watakaokutana nalo, au kwa maumbile yake lenyewe? Wanaotetea ulinganifu husema kuwa adui asiyeweza kushindwa huua mchezo kabla hajawaua wachezaji. Wanaotetea uhalisi hujibu kuwa mnyama anayekuja daima kwa kimo cha mpinzani wake si mnyama, ni kioo. Insha hii inatetea hoja kwamba swali hilo lilikwishajibiwa katika ngano ya nunda mla watu, iliyokusanywa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Inadaiwa pia kwamba jibu la ngano hiyo lina uzito wa pekee mkoani Mara, ambako wanyama wanaotajwa ndani yake hawajawa wa ngano tu.

Ulinganifu mtupu: bao na kitabu cha mazimwi

Anayetafuta mfano wa ulinganifu mtupu anaweza kuanzia Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32: sita katika nyumba, mbili na mbili kandoni mwake, na 22 mkononi. Hakuna kinachoigwa kutoka ulimwengu wa nje. Kete haina meno wala njaa. Haki ya mchezo inatokana na kutokuwapo kwa mnyama.

Michezo ya uigizaji ilichukua njia nyingine. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1977 ikafuata Monster Manual, kitabu kilichowaweka simba, mamba, kiboko na tembo katika orodha moja na majoka, kila mmoja akiwa na tarakimu zake. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilileta kipimo cha changamoto: zimwi la kipimo fulani lilikusudiwa kuwa jaribio la wastani kwa kundi la wahusika wanne wa daraja hilohilo. Hapo mizani ikawa sheria. Lakini wachezaji waligundua upesi kwamba, kwa hesabu ya kanuni hizohizo, paka wa nyumbani angeweza kumuua mwanakijiji wa kawaida. Kasoro hiyo ikawa kichekesho. Katika fasihi simulizi ya Waswahili, paka anayeua watu hakuwa kasoro. Alikuwa ndiye mhusika mkuu.

Ngazi ya nunda

Ngano yenyewe ni ya Sultani Majnun. Paka wake anakula kuku, na sultani anakataa kumwadhibu, kwa hoja kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Mnyama anapanda kutoka kuku hadi mifugo, kutoka mifugo hadi watu, na jibu la mwenye mali halibadiliki mpaka wanawe wenyewe wanapoliwa. Ndipo inapotambuliwa kuwa huyu si paka tena, bali ni nunda. Kiisimu, badiliko hili linastahili kuangaliwa. Kiswahili kina njia ya kawaida ya kukuza: nyoka huwa joka, mtu huwa jitu, mbwa huwa jibwa. Ngano haikutumia njia hiyo. Haikumfanya paka kuwa kubwa la aina yake. Ilimtoa katika aina yake na kumpa jina jipya. Ukubwa wa nunda haukutokana na maumbile, wala haukupimwa kwa nguvu za shujaa. Ulitokana na jumla ya makosa yaliyoachwa bila kuhukumiwa.

Upande wa pili wa ngano ni wa mwana wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni. Anatoka kumtafuta nunda na kurudi kila mara na windo: mbwa, ngawa, fungo, punda milia, twiga, kifaru, kisha tembo. Kila mara mama yake anamwambia kuwa huyo siye. Mpangilio huu ni wa ulinganifu kamili, kwa kuwa kila windo linamwandaa kijana kwa linalofuata. Hata hivyo ngazi zote ni wanyama halisi, na nunda mwenyewe anatambuliwa kwa alama za mwili kama anavyotambuliwa mnyama yeyote porini. Ngano haikuchagua kati ya mizani na uhalisi. Mizani iliiweka katika mpangilio wa matukio, uhalisi ikauweka katika miili ya wanyama, na chanzo cha zimwi ikakiweka katika uamuzi wa mtawala.

Uhalisi uliopotea njia

Historia ya usomaji wa nunda haikuuheshimu mgawanyo huo. William Hichens, afisa wa kikoloni Tanganyika ambaye wanafasihi wanamfahamu zaidi kama mhariri wa Al-Inkishafi (1939), aliandika mwaka 1937 juu ya mauaji ya Lindi yaliyodhaniwa kuwa ya mngwa, yaani nunda. Alieleza juu ya manyoya ya kijivu yaliyokutwa mikononi mwa waliouawa, akapendekeza kuwa huenda kuna paka mkubwa asiyejulikana na sayansi. Tangu hapo nunda amewindwa katika vitabu vya wanyama wa ajabu. Msomaji wa namna hii anauliza nunda ana uzito gani. Ngano iliuliza ni nani aliyemlea.

Bunda: tembo mwenye tarakimu

Swali hilo la pili lina maana ya moja kwa moja Bunda, wilaya inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Katika vijiji vya mpakani tembo huingia mashambani usiku, wala haji kwa kipimo cha mkulima anayelinda mahindi kwa tochi na debe. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka viwango vya malipo: kifuta machozi kwa kifo au jeraha, na kifuta jasho kwa mazao, ambacho kiasi chake kilitegemea pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Hapa nako mnyama amegeuzwa tarakimu.

Istilahi zenyewe ni za unyofu. Hazikusema fidia, neno ambalo lingedai kuwa kilichotolewa kinalingana na kilichopotea. Kufuta jasho ni kukiri kuwa mizani haikukaa sawa. Lakini hali ya Bunda imeupindua usemi wa sultani: paka na kuku walikuwa wa mtu mmoja, ilhali tembo ni wa umma na mahindi ni ya mkulima. Sultani angalau alijila mwenyewe.

Hitimisho

Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Imezoeleka kusomwa kama sifa ya ujamaa. Inaweza pia kusomwa kama kanuni ya utunzi, kwamba zimwi hupewa mpaka na uhusiano, si na uzito wa mwili. Mwanafunzi wa Musoma anayesomeshwa ngano ya nunda hana haja ya kuambiwa kuwa tembo hafuati zamu; jirani zake wa Bunda wanalijua hilo. Anachoweza kupewa na ngano ni swali ambalo mizani ya michezo na vitabu vya maumbile vimeliacha kando: mnyama alipokuwa bado anakula kuku, nani alisema ni wake, na akanyamaza?