Alama za uvuvi endelevu humsaidiaje mnunuzi wa samaki?

Alama za uvuvi endelevu humwonyesha mnunuzi iwapo samaki alivuliwa bila kuhatarisha kizazi chake. Mpango wa Seafood Watch, ulioanzishwa Marekani mwaka 1999, umetumia rangi tatu: kijani ya kununua, njano ya tahadhari na nyekundu ya kuepuka. Hupima wingi wa samaki, madhara kwa viumbe wengine na makazi yao, na usimamizi wa uvuvi.

Mjini Bujumbura, mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika kwa kawaida huuzwa bila alama hizo. Hata hivyo, mnunuzi anaweza kuuliza: je, samaki amekomaa? Amevuliwa kwa wavu gani? Mukeke hula ndagala. Ndagala wakivuliwa kupita kiasi, mukeke naye hukosa chakula.