Pumzi ya moteri: historia ya mabomba yanayobadilisha sauti na nguvu ya gari

Bungulu, mji wa Beni.

Ulizo la leo linatoka kwa mashofere. Mmoja anasema: “Gari yangu ya V6 inalia vizuri kwenye tambarare, lakini ikianza kupanda kwenda Butembo inachoka kama mzee. Bujii ni mpya, mafuta ni safi. Shida ni nini?”

Kwetu ulizo hili si la kujifurahisha. Gari inayopanda kwa shida inachelewa, na kila mtu hapa anajua kwa nini hatutaki giza litukute barabarani. Upande wa Komanda na Luna, kwenye RN4, magari yamewahi kulazimika kupita kwa msafara wa kusindikizwa na askari. Anayebaki nyuma ya msafara anabaki peke yake. Kwa hiyo tuangalie pumzi ya moteri, na historia ya watu waliojifunza kuipanga kama sauti ya kinanda.

Hewa inakwenda na kurudi

Moteri inakula mafuta pamoja na hewa. Hewa inapita kwenye filta, inaingia kwenye kolekteri, yaani mabomba ya kuingiza hewa, kisha supape inafunguka na silinda inaivuta. Supape ikifunga ghafla, hewa iliyokuwa inakimbia inagonga mlango uliofungwa. Mgongo huo unarudi nyuma ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, kisha unakuja tena mbele. Ukifika pale supape inapofunguka tena, unasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Ukifika supape ikiwa imefunga, haukusaidii kitu.

Yote yanategemea urefu wa bomba. Bomba refu na jembamba linafaa moteri inayozunguka polepole. Bomba fupi na pana linafaa moteri inayozunguka kwa kasi. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, moteri ya silinda nne inavuta hewa mara 100 kila sekunde. Kwa mizunguko 6,000 inavuta mara 200. Ninyi waimbaji wa kwaya mtaelewa haraka: hiyo ni noti ileile, juu kwa oktava moja. Ndiyo maana sauti na nguvu haziachani. Hewa inayolia ndani ya bomba ndiyo hiyo inayojaza silinda.

Kutoka chupa mpaka gari

Mtoto akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, chupa inalia. Mjerumani Hermann von Helmholtz alichunguza sana jambo hilo, na mwaka 1863 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya sauti. Alionyesha kwamba chombo chenye tumbo na shingo kinaitikia noti yake moja tu. Boksi la hewa la gari na mabomba yake vinafuata kanuni hiyohiyo.

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza gari iliyoitwa 300F, yenye mabomba ya hewa marefu sana, kama sentimita 76, yaliyopita juu ya moteri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika mwendo wa kati gari ilivuta kwa nguvu ya ajabu. Lakini moteri ilipozunguka kwa kasi kubwa, urefu ule uligeuka mzigo. Kwa wateja waliotaka mbio zaidi, Chrysler ilitengeneza mabomba yaliyofanana kwa nje, ila ukuta wa ndani ulikatwa ili urefu wa kazi ubaki kama nusu. Mteja alipaswa kuchagua: nguvu ya chini au nguvu ya juu. Kupata zote mbili haikuwezekana.

Waliotafuta jibu ni wengi, lakini jibu linalotuhusu sisi lilitoka Japani. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, fundi Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika. Akakitengeneza, kisha akaanza kuunda vyake mwenyewe. Ndiyo asili ya jina Yamaha. Mwaka 1955 ikazaliwa kampuni ya pikipiki yenye jina hilo, ile ya AG 100 tunazoziona kwa mashirika. Tazama alama yake: ni uma tatu za kupimia sauti ya vyombo vya muziki.

Toyota ilishirikiana na Yamaha kuunda moteri 4A-GE, iliyotoka mwaka 1983. Kila silinda ilipewa njia mbili za hewa, na njia moja ikawekewa mlango mdogo. Moteri ikizunguka polepole, mlango unafungwa, hewa yote inapita njia moja nyembamba na inakimbia kwa nguvu. Ikipita mizunguko kama 4,000 hivi, mlango unafunguka na njia zote mbili zinafanya kazi. Shofere anasikia sauti ikibadilika mara moja: kutoka mngurumo mzito hadi kilio kikali. Mfumo huo uliitwa T-VIS.

Baadaye Toyota ilileta mfumo mwingine, ACIS. Huo hauzibi njia ya silinda. Mlango wake unagawanya kolekteri, hivyo hewa inaona bomba refu au fupi kulingana na kazi. Mwaka 1991 Mazda ilikwenda mbali zaidi: gari yake 787B ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, ikiwa na mabomba yaliyorefuka na kufupika moteri ikiendelea kuzunguka. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa gari ya Japani pale, na watu wanaikumbuka hadi leo kwa mlio wake. Toyota na Yamaha walirudi tena pamoja kwenye Lexus LFA, iliyoundwa kati ya 2010 na 2012. Wahandisi waliipanga sauti ya hewa inayoingia kwa uangalifu uleule wa kupanga chombo cha muziki. Zilitoka gari 500 tu.

Na sisi hapa?

LFA hatutaiona Bungulu. Lakini magari mengi ya hapa ni ya Japani yaliyotumika, yanayoteremka Mombasa, yanavuka Uganda na kuingia kwa Kasindi. Ndani yake kuna yenye ACIS: Harrier ya kwanza ya V6 lita 3, na Mark II zenye moteri 1JZ-GE. Carina na Corolla nyingi za kawaida hazina, na Fuso za mazuti hazihusiki.

Pia sisi tuna shida ambayo watu wa pwani hawana. Beni iko juu ya mita 1,000, Butembo juu ya mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo katika kilometa kama 54 za kwenda Butembo, mlima unaongezeka na pumzi inapungua. Hapo ndipo bomba refu linahitajika zaidi.

Sasa jibu la shofere wetu. Kwenye Toyota nyingi za aina hii, mlango unafungwa na mvuto wa hewa unaopita katika mpira mwembamba hadi kwenye kikopo chenye ngozi ndani. Mpira ukizeeka na kupasuka, au fundi akiuchomoa na kuuziba kwa skrubu, springi inauacha mlango wazi siku zote. Gari inabaki na bomba fupi tu. Kwenye tambarare, kwa kasi, hutaona tofauti. Kwenye mlima, mizunguko 2,500, ndipo inachoka.

Kupima si gharama. Fundi aunganishe mpira mzima kwenye kikopo na kuvuta hewa: kijiti lazima kisogee na kubaki palepale. Kikirudi chenyewe, ngozi imetoboka. Kisipotikisika kabisa, mlango umeganda kwa uchafu na unataka kusafishwa. Kama moteri inapiga filimbi na kuyumba ikiwa imesimama, tafuteni mpira uliopasuka kabla ya kununua kipande chochote.

Neno la mwisho kwa vijana wanaotoa boksi la filta, au kukata ekzosi ili gari inguruma. Sauti kubwa si nguvu. Boksi lile limepimwa kama chupa ya Helmholtz, na ukilitoa unaharibu hesabu ya hewa na kuingiza vumbi letu jekundu kwenye pistoni. Tena ekzosi iliyokatwa inapasua mlio kama risasi. Katika nyumba za Bungulu wamelala watoto waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mlio huo. Usiku wakiusikia, wanaamka na kutafuta viatu.

Moteri iliyopangwa vizuri inapanda kwa sauti nzito, tulivu. Shofere, zima redio kidogo ukianza mlima, usikilize. Ikiwa sauti haibadiliki kamwe kutoka chini hadi juu, na gari yako ni ya aina tuliyotaja, pita garaji kabla ya kupakia watu.